Una ofa mbili mkononi? Mwambie HR ukweli, na mwambie mapema

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima yenu. Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu wanaouliza wafanye nini wakiitwa kazini sehemu mbili kwa wakati mmoja, na ushauri unaorudiwa ni uleule: kaa kimya, saini ya kwanza, ikija nzuri zaidi unahama. Mimi niliufuata ushauri huo mwaka 2019 na najua ulinifikisha wapi. Mwezi uliopita nimejikuta tena na ofa mbili, safari hii nikafanya tofauti. Naomba niyaweke yote mawili hapa, maana kuna vijana ndiyo wanaanza kutafuta kazi sasa hivi na wanaambiwa uongo ni ujanja.

Mimi ni mhasibu, nina CPA (cheti cha taaluma ya uhasibu), naishi Kimara, Dar es Salaam. Mwaka huo wa 2019 mkataba wangu ulikuwa umeisha na nilikuwa nakaa nyumbani kwa mwezi wa tatu mfululizo. Wakala mmoja wa ajira akaniunganisha na kampuni ya usambazaji iliyopo Barabara ya Nyerere. Dada wa pale kwa wakala aliyekuwa anasimamia mchakato wangu alikuwa mtu wa kazi kwelikweli. Alinipigia siku moja kabla ya usaili akanieleza nani watakuwa mezani na kila mmoja hupenda kuulizia nini. Baada ya usaili wa pili akaniuliza: "Mdogo wangu, kuna sehemu nyingine unasubiri majibu? Niambie tu, nijue namna ya kuongea na mteja." Nikamjibu hapana dada, niko kwako tu. Wakati huo nilikuwa nimeshafanya usaili kwenye shirika moja Mikocheni, na nilikuwa nalala na simu mkononi nikiwasubiri.

Ofa ya Barabara ya Nyerere ikaja Alhamisi. Nikaikubali kwa barua pepe siku hiyohiyo, kuripoti Jumatatu saa mbili asubuhi. Jumamosi mchana shirika likapiga. Mshahara mkubwa zaidi, bima ya familia nzima. Nikakubali nikiwa bado nimesimama na ndoo ya nguo mkononi. Jumatatu nikazima simu, nikaingia mitini. Nilipoiwasha jioni nikakuta meseji tatu za yule dada. Ya kwanza ilitumwa saa mbili na dakika ishirini: "Umefika? Wanakusubiri mapokezi." Ya pili: "Uko salama kweli? Isije ikawa umepata ajali." Ya tatu sikuimaliza kuisoma. Sikujibu hata moja.

Mwaka 2022 fedha za wafadhili zikaisha na mradi wa lile shirika ukafungwa. Nikaitwa usaili kwenye ofisi moja pale Victoria. Nafungua mlango, watu watatu wamekaa, na wa katikati ni yule dada. Sasa ndiye mkuu wa rasilimali watu. Hakuonyesha chochote usoni. Tukapita hesabu, kodi, ukaguzi, nikajibu vizuri. Mwishoni akafunga faili, akaniuliza kwa sauti ileile ya miaka mitatu nyuma: "Kwa sasa kuna sehemu nyingine unasubiri majibu?"

Nilimwomba msamaha palepale mbele ya wenzake. Akasema hana kinyongo, ila kuna jambo angependa nilijue. Ile Alhamisi nilipokubali ofa, alimpigia mtu aliyekuwa wa pili kumwambia nafasi imejazwa. Alikuwa kaka mmoja aliyetoka Mwanza kwa basi kwa ajili ya usaili, amefikia kwa ndugu zake Tandika. Ijumaa akapanda basi akarudi. Jumatatu walipomtafuta alikuwa ameshashika kibarua hukohuko. Kiti kikakaa wazi karibu miezi miwili na mteja akaacha kufanya kazi na yule wakala. Kazi ya Victoria sikuipata, na sina wa kumlaumu.

Sasa ya mwezi uliopita.

Jumanne ofisi moja ya Chang'ombe ikanipa barua ya ofa: mshahara ghafi (kabla ya makato) 1,500,000, mkataba wa kudumu, bima ya mimi, mume na watoto, nijibu ifikapo Ijumaa. Ofisi nyingine ya Masaki nilikuwa nimeshamaliza usaili wa mwisho na wameahidi majibu wiki inayofuata. Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi nilishuka kituo cha Morocco, nikatafuta kona isiyo na kelele nyuma ya vibanda, nikampigia HR wa Chang'ombe kabla ya kumwandikia. Nilimwambia hivi, karibu neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimeandika nyuma ya risiti:

"Nashukuru sana kwa ofa, na kazi naitaka. Ila nisiwafiche, nipo hatua ya mwisho sehemu nyingine na wameniahidi jibu wiki ijayo. Naomba mnipe hadi Jumatano saa kumi jioni. Siku hiyo mtapata jibu langu, ndiyo au hapana, sitaomba muda tena."

Akaniuliza ni wapi. Nikasema naomba nisitaje, kama ambavyo na ninyi sitawataja kwao. Akanyamaza kidogo, akasema atamwuliza mkurugenzi. Saa nane mchana akaniandikia: sawa, Jumatano.

Kisha nikapiga Masaki. Hao nikawaambia nimepata ofa ya maandishi, natakiwa kujibu Jumatano, nafasi yao bado naihitaji, je inawezekana nikajua kabla ya hapo? Dada wa huko akauliza moja kwa moja: wamekupa ngapi? Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Ulimi unataka kusema milioni mbili na nusu. Nilisema, "Dada, hiyo naomba nibaki nayo. Kinachonibana ni tarehe." Hakukasirika. Kukataa kutaja namba hakumdanganyi mtu, lakini ukitaja namba ya uongo, siku ukiombwa barua inakuwa aibu.

Jumatatu Masaki wakaleta ofa: 1,800,000, ila mkataba wa mwaka mmoja, na bima ni ya mfanyakazi peke yake. Nikakaa na daftari. Nilichojifunza ni kwamba usilinganishe ghafi kwa ghafi. Kwenye 1,800,000 unatoa NSSF asilimia 10, ambayo ni 180,000. Kinachobaki, 1,620,000, ndicho kinachokatwa kodi: ukivuka milioni moja ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi, hivyo kodi inakuwa 314,000. Mimi bado nadaiwa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 270,000 inaondoka. Mkononi inabaki 1,036,000. Ukipiga hesabu hiyohiyo kwa 1,500,000 unapata 892,000. Tofauti ya laki tatu kwenye karatasi ikawa 144,000 mfukoni, na hapo sijatoa bima ya watoto wawili na nauli ya bajaji ya kutoka Morocco hadi Masaki kila siku.

Nikarudi Chang'ombe nikawaambia ukweli kama ulivyo: ofa ya pili imekuja, ni kubwa kuliko yenu kwa ghafi, lakini nyumbani kwangu mkataba wa kudumu na bima vina uzito, na mkifika 1,700,000 nasaini leo. Wakasema mwisho wao ni 1,600,000. Hiyo mkononi ni 940,000. Nikaichukua. Na kabla sijasaini popote nilimpigia yule dada wa Masaki kwa sauti yangu, sikumtumia meseji. Alisikitika, sikufichi. Kisha akasema, "Asante kwa kupiga mwenyewe. Acha nimtafute aliyefuata leo hiihii."

Hilo la aliyefuata ndilo limenifanya niandike uzi huu. Naomba kuwasilisha, karibuni.

#2 Mdau wa Mbezi

Mkuu, nimekusoma kwa heshima zote, lakini sikubaliani nawe. Hao HR unaowaonea huruma wao wanatuambia ukweli lini? Mwaka jana nilifanya usaili mara nne kwenye kampuni moja hapa mjini. Mara ya nne mkurugenzi akanishika mkono akasema "karibu kwenye familia". Nikaambiwa barua inakuja wiki hiyo. Nilikaa wiki saba. Nikipiga, yuko kikaoni. Nikiandika, kimya. Mwisho nikaona picha ya mtu mwingine LinkedIn amekaa kwenye nafasi ileile. Wao wana orodha ya watu watano na hawamwambii yeyote kuwa yeye ni wa ngapi. Kwa nini mimi ndiye niwe muungwana?

#3 Mleta uzi

Kaka, pole sana. Wiki saba za kusubiri simu najua zinavyomkausha mtu, na waliokufanyia hivyo walikukosea. Sitakuambia uwaonee huruma. Ila nikuulize: wakati wewe unasubiri zile wiki saba, ungetamani nini? Ungetamani mtu mmoja tu akupigie akuambie imeshindikana. Mimi nilimnyima simu hiyo mtu wa Mwanza, maana nilishikilia kiti nisichokitaka. Kampuni haikuumia kama alivyoumia yeye.

#4 Mchangiaji, yupo idara ya HR

Nimeajiri watu hapa Dar kwa miaka kumi na moja, naomba niseme kinachotokea upande wetu wa meza, labda kitasaidia.

Barua ya ofa haitoki kwa HR peke yake. Mara nyingi inahitaji saini ya mkuu wa idara, ya fedha, na wakati mwingine ya bosi aliye nje ya nchi. Kila mmoja ana mambo yake, na barua inaweza kulala kwenye meza siku tisa bila sababu yoyote. Mtahiniwa akiniambia "nina ofa ya maandishi, najibu Jumatano," ananipa kitu cha kushika. Naingia kwa mkuu wa fedha nikimwambia tukichelewa tunampoteza. Ukinificha, mimi nitaendelea kusubiri foleni kama kawaida, halafu Alhamisi nakupigia unaniambia umeshasaini kwingine. Tumepoteza wote wawili.

Lakini ieleweke, kuna namna ya kusema. Mtu akiingia na "nimepewa milioni tatu, ninyi mnasemaje?" huwa naona mnada. Mtu akisema anaitaka kazi yangu, kisha akaeleza tarehe inayombana, nitamhangaikia. Na tafadhali msitunge ofa. Namuomba mtu nakala ya barua, afiche jina na vyote, abakishe tarehe tu, na bado hana. Hapo hata kama alikuwa mzuri wa kazi, naanza kujiuliza akiwa kwenye fedha za kampuni atakuwaje.

Suala la mshahara wa zamani nalo liko hivyo. Hapa mjini waajiri wengi wanaomba salary slip za miezi mitatu. Usitaje namba ambayo slip itakukanusha. Sema, "Sipendi kuanzia kwenye mshahara wangu wa zamani, natarajia kati ya hapa na hapa." Inakubalika.

#5 Mchangiaji wa Tabata

Mimi nilisema ukweli na ukanigharimu. Nimeona niandike, isije ikaonekana ukweli unalipa kila siku.

Nilikuwa na ofa ya maandishi kiwandani, fundi umeme. Sehemu ya pili bosi alinipigia jioni akasema "wewe ni wetu, anza kujiandaa". Kesho yake nikamwambia wa kiwandani kwa nia njema kabisa kwamba nina sehemu nyingine, naomba siku tano. Akaniambia basi nenda huko, hapa tuna watu mia wanaitaka. Barua ikafutwa siku hiyohiyo. Yule wa pili nikimpigia akasema bajeti haijapita. Nilikaa miezi minne nyumbani, mke wangu anauza maandazi ili tule. Kwa hiyo mleta uzi, maneno yako ni mazuri, lakini wewe una CPA. Mwenye fani ambayo watu mia wanaiweza anaongea kwa tahadhari.

#6 Mleta uzi

Kaka wa Tabata, nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Sina jibu la kuifanya miezi minne ile isiwe miezi minne. Na ni kweli, mimi nilikuwa na mahali pa kusimama ambapo wewe hukuwa napo. Nilipaswa kulisema kwenye uzi wenyewe.

Ninachokiona kwenye habari yako ni kwamba ulichokuwa nacho mkononi kilikuwa ofa moja. Ile ya jioni kwa simu ilikuwa maneno. Ningeshauri hivi: ofa ya mdomo usiitangaze kokote, na usiombe muda kwa sababu yake. Kwanza mwombe aliyekupa maneno akuandikie, hata barua pepe ya mistari miwili yenye mshahara na tarehe ya kuanza. Akikwepa kuandika, umeshapata jibu lake. Na kama barua ya maandishi ni moja na njaa iko mlangoni, saini, kisha siku hiyohiyo waambie wengine umejitoa. Huo nao ni ukweli, na haukuhatarishi.

#7 Mchangiaji, aliwahi kufanya kazi kwa wakala wa ajira

Naongezea kuhusu mawakala, maana wengi hawajui wanavyolipwa. Wakala analipwa na mwajiri ukishaajiriwa, na malipo yake kwa kawaida hupigwa kwa asilimia ya mshahara wako wa mwaka. Ndiyo maana atakusukuma ukubali haraka. Anayekuomba wewe hela ya kukuunganisha, mkimbie. Kitu kingine cha kusema wazi ni CV yako ilishapelekwa wapi. Mawakala wawili wakipeleka jina lako kwa mteja mmoja, wanaanza kugombania malipo, na mteja anaona rahisi kukuacha wewe kuliko kuamua ugomvi. Wakala akikupigia, mwulize mteja ni nani kabla hajatuma, na kama ulishapelekwa huko mwambie palepale.

#8 Mchangiaji, mhitimu wa mwaka jana

Shikamooni wakubwa. Mimi swali langu liko tofauti kidogo. Nimefanya usaili wa serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, nimefaulu ila nafasi zilijaa, nipo kwenye kanzidata. Sasa kampuni binafsi ya Mikocheni imenipa ofa, na kwenye usaili waliniuliza kama nina mchakato mwingine. Nilisema hapana. Natakiwa kuripoti tarehe moja. Kuitwa na serikali inaweza kuwa mwezi ujao au isiwe kabisa. Nawaambia, au ninyamaze? Wazazi wangu wote wanasema ninyamaze.

#9 Mchangiaji, yupo idara ya HR

Mdogo wangu, marahaba. Kuwa kwenye kanzidata si ofa. Ni matumaini, na kila mhitimu anayeingia ofisini kwangu ana matumaini ya serikali, tunajua. Nisingekulazimisha uyatangaze. Shida yako ni kwamba uliulizwa na ukasema hapana.

Kisheria hujafungwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku zisizopungua 28, na ndani ya mwezi wa kwanza siku zisizopungua saba. Soma mkataba wako, unaweza kuwa na muda mrefu zaidi. Notisi iwe ya maandishi. Ukiondoka bila kuitumikia, mwajiri anaweza kukata fedha za siku hizo kwenye malipo yako ya mwisho. Kwa hiyo ukiitwa, una njia ya kutoka kwa heshima. Na ujue upande wa pili: kabla hujafikisha miezi sita kazini, kinga ya kuachishwa isivyo haki haijakufikia. Ndiyo maana unataka kuanza ukiwa umeaminiwa.

#10 Mleta uzi

Mdogo wangu, mpigie. Usiandike barua ndefu ya kujieleza. Mwambie uliulizwa swali, ukajibu kwa woga, na jibu sahihi ni hili. Mwambie huna ofa ya serikali, una jina kwenye kanzidata, na ukiitwa atakuwa mtu wa kwanza kujua. Halafu nyamaza umsikilize. Wazazi wana hofu yao na wana haki nayo, wamekusomesha. Lakini simu utaipiga wewe.

#11 Mdau wa Mbezi

Mleta uzi, bado nina hasira zangu na hao watu, ila swali moja. Yule kaka wa Mwanza ulishawahi kumtafuta?

#12 Mleta uzi

Nilimwuliza yule dada jina lake, siku ileile pale Victoria, nikiwa nimeshasimama kuondoka. Akasema siyo haki kunipa. Alikuwa sahihi. Sijui hata umri wake.

#13 Mchangiaji, mhitimu wa mwaka jana

Wakubwa, nimerudi. Nimepiga leo saa nne asubuhi. Nilikuwa natetemeka mpaka nikakaa chini. HR alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza lini nilifanya huo usaili na kada gani, nikamwambia. Akasema, "Ungeniambia siku ile ingekuwa rahisi zaidi." Anaenda kuongea na meneja wangu mtarajiwa, atanipigia Alhamisi. Hajasema ndiyo wala hapana. Mama bado hajui kama nimepiga.

#14 Mleta uzi

Alhamisi hiyo weka simu yenye chaji. Ukipigiwa, vyovyote itakavyokuwa, rudi hapa utuambie.